Je, Wajua? Dhahabu Nyekundu ya Maabarani

Je, wajua kwamba dhahabu ikiwa punje ndogo mno huwa nyekundu kama juisi ya rozela? Wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaoanza nanoteknolojia hujionea wenyewe. Huchemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, kisha hutia sitreti, ambayo asili yake ni asidi ya limau. Umanjano hafifu hutoweka, maji huingia weusi, halafu wekundu hutanda. Punje hizo zina upana wa nanomita 15 hivi, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Njia hii ilichapishwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951, ingawa Michael Faraday alikwisha kuchunguza dhahabu nyekundu jijini London katika miaka ya 1850.

Utamu wenyewe uko mbele. Chupa moja ya maji hayo mekundu hutiwa sukari, nyingine chumvi ya mezani. Ya sukari haibadiliki. Ya chumvi hugeuka buluu papo hapo. Kila punje imevikwa sitreti yenye chaji hasi, kwa hiyo punje husukumana. Chumvi hudhoofisha msukumano huo, punje hugandana, na rangi ya mwanga zinaoufyonza hubadilika. Kwa chupa mbili tu, wanafunzi wa kemia na wa fizikia wanajikuta kwenye meza moja, jambo ambalo ratiba za vyuo hulikwepa sana.

Na ule mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria? Ni dhahabu hiyo hiyo.

Selotepu nayo ni kifaa cha maabara. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester waliitumia kubandua tabaka za grafiti, ile ya kwenye penseli, hadi wakapata grafini yenye unene wa atomu moja. Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 2010.

Mwanafizikia Richard Feynman, katika mhadhara wake kuhusu vitu vidogo mno wa Desemba 1959 huko California, alipendekeza shule za sekondari zishindane kuandika kwenye pini. Aliahidi pia dola 1,000 kwa atakayepunguza ukurasa wa kitabu mara 25,000 kila upande. Zilichukuliwa mwaka 1985 na Tom Newman, mwanafunzi wa Stanford, aliyeandika kwa miali ya elektroni. Kuuandika aliweza, kazi ikawa kuutafuta ukurasa wenyewe ulipo.