Noeli: Mgeni Aliyepokea Jembe



Ndugu mpendwa msomaji, kila mwaka Noeli huikuta Ufipa ikiwa shambani. Mwezi wa Desemba mvua zimekwisha kushika, ukungu hulala juu ya milima ya Mbizi hata jua likiwa limepanda, na barabara za kwenda vigangoni zimegeuka tope. Kuanzia Laela hadi Matai, kuanzia Namanyere hadi pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, ng'ombe wako kwenye nira na watu wako kwenye matuta. Fedha iliyokuwamo nyumbani imekwenda katika mbegu na mbolea. Mahindi ya mwaka jana yanapungua ghalani, na ya mwaka huu ndiyo kwanza yanachipua. Katika hali hiyo ndipo Noeli inapobisha hodi.

Kwa familia nyingi jambo hili huleta mashaka yasiyosemwa. Desturi imezoea wali, nyama na nguo mpya za watoto. Baba anayejua kwamba mfuko ni mtupu huiona sherehe ikikaribia kama mdai anayekuja kudai deni. Wapo waamini wanaobaki nyumbani siku ya Noeli, si kwa kukosa imani bali kwa kuona haya, kwa sababu watoto hawana nguo ya kuwavalisha kwenda kanisani. Wapo pia wanaoishi katika vigango ambako siku hiyo hakuna Misa Takatifu, kwa kuwa padre ni mmoja, vigango ni vingi, na mto umejaa. Husali pamoja na katekista wao, kisha hurudi nyumbani wakijiuliza moyoni: Je, Noeli imetupita?

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa heshima. Na jibu lake halipatikani sokoni wala jikoni, bali katika kile hasa ambacho Mama Kanisa anakiadhimisha tarehe 25 Desemba.

Tunachokiadhimisha

Noeli si kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa tu, kama tunavyokumbuka siku ya kuzaliwa mtu mashuhuri. Injili hazitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Ushahidi wa kale tulio nao unaonyesha kwamba waamini wa Roma walikuwa wakiiadhimisha Noeli tarehe 25 Desemba tangu mwaka 336. Walichokiadhimisha ni fumbo: Mwana wa milele wa Baba, ambaye kwa yeye vitu vyote viliumbwa, alitwaa mwili katika tumbo la Bikira Maria na kuwa mwanadamu kweli. Fumbo hili tunaliita Umwilisho.

Kanisa limelilinda fumbo hili kwa gharama kubwa. Katika Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, Mababa wa Kanisa walikiri dhidi ya mafundisho ya Ario kwamba Mwana si kiumbe bali ni Mungu kweli, sawa na Baba. Katika Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, walikiri kwamba Maria ni Mama wa Mungu kweli, kwa kuwa aliyezaliwa naye ni Mungu. Na katika Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, walifundisha kwamba Yesu Kristo mmoja ni Mungu kamili na mwanadamu kamili, bila umungu kumeza ubinadamu wala ubinadamu kupunguza umungu.

Ndiyo maana siku ya Noeli, tunaposali Kanuni ya Imani, tunapiga magoti tunapofika mahali tunapokiri kwamba Mwana wa Mungu alitwaa mwili na kuwa mwanadamu. Dominika za kawaida mahali hapo tunainama tu. Magoti hupigwa siku mbili kwa mwaka: Noeli, na tarehe 25 Machi, Sherehe ya Kupashwa Habari ya Kuzaliwa Bwana. Tendo hilo fupi, ambalo wengi hulifanya kwa mazoea, ndilo moyo wa sikukuu yote. Mbele ya Mungu aliyeshuka, mwanadamu naye anashuka.

Siku ya tatu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii haina ukali. Inatenganisha aina mbili za kukaa na watu. Mgeni wa siku mbili hutandikiwa mkeka, huchinjiwa kuku, na kisha huaga. Anayepokea jembe ameacha kuwa mgeni. Sasa mvua ya kijiji ni mvua yake, na njaa ya kijiji ni njaa yake.

Watu wa mataifa ya kale walikuwa na hadithi nyingi za miungu iliyoshuka duniani kwa muda, ikavaa sura ya watu kama mtu avaavyo vazi la safari, kisha ikarudi juu bila hata kuchafuka miguu. Imani yetu haisemi hivyo. Mwinjili Yohane, katika somo la Injili la Misa ya mchana wa Noeli, anatufundisha kwamba Neno wa Mungu alifanyika mwili na kupiga hema lake katikati yetu. Anayepiga hema amekusudia kukaa.

Naye alikaa. Mwinjili Luka anatueleza kwamba Yesu alipoanza utume wake alikuwa na umri wa miaka kama 30. Kuhusu sehemu kubwa ya miaka hiyo Injili ziko karibu kimya. Tunajua kwamba aliishi Nazareti akiwatii Maria na Yosefu, na kwamba watu wa kijiji chake walimjua kama fundi seremala. Basi sehemu kubwa ya maisha ya Mungu hapa duniani haikupita katika miujiza, bali katika kazi ya mikono, kodi, jasho na mazungumzo ya jioni. Siku ya tatu ilipofika, tukitumia lugha ya wahenga, alipokea jembe. Tena hakulirudisha, kwa maana ubinadamu alioutwaa hakuuacha hata alipopaa mbinguni. Kuumeni kwa Baba ameketi mmoja wetu, mwenye mikono iliyofanya kazi na yenye alama za misumari.

Kwa hiyo mkulima wa Ufipa anayeifikia Noeli akiwa na tope miguuni hajachelewa sikukuu. Huko alikosimama ndiko Mwana wa Mungu alikochagua kusimama.

Alizaliwa upande wa waliopungukiwa

Tuwatazame tena wazazi wanaoona haya. Injili ya Misa ya usiku inatuonyesha Maria na Yosefu safarini kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kwa sababu ya amri ya Kaisari Augusto ya kuandikisha watu. Mimba ilikuwa imekomaa, na nafasi ya kulala haikupatikana. Mtoto alipozaliwa alivikwa vitambaa na kulazwa katika hori, chombo cha kulishia mifugo. Yeyote aliyefuga ng'ombe anafahamu hori linavyonuka.

Siku 40 baadaye wazazi hao walimpeleka Mtoto hekaluni. Torati iliagiza mwanamke aliyejifungua atoe mwanakondoo, lakini ikaweka nafuu kwa asiyeweza: atoe hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anataja ndege. Kwa neno hilo dogo tunafahamu hali ya nyumba ile: hawakuwa na uwezo wa kumtoa kondoo. Bikira Maria, tunayemwita Malkia, alisimama hekaluni na sadaka ya maskini, wala hakuona haya.

Hivyo mzazi asiyeweza kununua nguo mpya hana sababu ya kumficha mtoto wake siku ya Noeli. Nguo iliyofuliwa ikakauka inatosha. Kama kuna mtu wa kuona haya, ni yule atakayemtazama mtoto huyo kwa dharau mlangoni mwa kanisa. Wachungaji wa kondoo walikwenda Bethlehemu usiku uleule na mavazi yao ya machungani, na ndio waliotangulia kuipokea habari njema.

Kuufahamu umaskini wa Bethlehemu hakumaanishi kuusifu umaskini. Mungu hakuzaliwa horini ili kutwambia kwamba ni vema watoto wakose mahali pa kulala. Alizaliwa huko ili asiwepo mtu wa kusema, "Mungu hanijui." Na alikuja kwa ajili ya kazi iliyo nzito kuliko zote: kutukomboa katika dhambi, ambayo ndiyo mzizi wa ugumu wa mioyo unaowaacha wengine bila nafasi nyumbani mwetu.

Hori na altare

Pango la Noeli tunalolijenga makanisani lina historia yake. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba liandaliwe hori lenye nyasi, na ng'ombe na punda wakasimama kando yake. Hakukuwa na sanamu za kupendeza. Padre aliadhimisha Misa Takatifu juu ya hori lile. Fransisko alitaka watu waone kwamba yeye aliyelazwa penye chakula cha mifugo ndiye anayekuja kila siku altareni kuwa chakula chetu. Bethlehemu yenyewe, kwa Kiebrania, maana yake ni nyumba ya mkate. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Greccio kutia sahihi waraka wake kuhusu pango la Noeli, akiwahimiza waamini kuidumisha desturi hiyo nyumbani na mahali pengine.

Hapa wenzetu wa vigango vya mbali wanaweza kuuliza: Sisi tusio na Misa siku hiyo, je? Kanisa halijawasahau. Linawahimiza waamini wanaokosa padre wakusanyike kwa ibada ya Neno la Mungu. Bwana aliahidi kuwapo walipo wawili au watatu kwa jina lake, na ahadi hiyo haizuiwi na mto uliojaa. Tena Noeli si siku moja. Oktava yake inafika tarehe 1 Januari, Sherehe ya Maria Mtakatifu Mama wa Mungu, na kipindi chote huendelea hadi Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Padre akifika kigangoni siku tano baada ya tarehe 25, hajaleta mabaki ya Noeli. Ameleta Noeli yenyewe.

Waliokuja kukaa

Imani hii ilifika kwetu kupitia watu waliokubali kukaa. Neno Noeli lenyewe ni la Kifaransa, lugha ya wengi wa Wamisionari wa Afrika waliopokea kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwaagiza wajifunze lugha za watu na kuishi karibu nao. Kutoka kando ya ziwa Injili ilipanda hadi uwanda wa Ufipa, na jimbo letu lilibeba jina la Karema hadi mwaka 1969, lilipoitwa Sumbawanga.

Katika historia hiyo yumo Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa, akabatizwa, akasomea utabibu huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa katekista na tabibu. Angeweza kutumikia miaka michache na kuondoka. Akaoa hapo, mwanawe mmoja akawa padre, na yeye akaendelea kuwatibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60! Aliyenyang'anywa nyumba yake akawa mwenyeji kwa wengine. Huyo alilifahamu fumbo la Noeli kwa mikono yake.

Noeli ya mwaka huu

Ndugu mpendwa, basi tufanye nini? Kwanza, tujiandae kwa Sakramenti ya Upatanisho katika kipindi cha Majilio, ili Bwana asikute mlango umefungwa kwa chuki. Pili, tuwalete watoto wote kanisani, wenye nguo mpya na wenye nguo za zamani.

Tatu, Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zifikirie zawadi inayofaa msimu wetu. Katika kila jumuiya yupo mjane ambaye shamba lake bado ni pori, au mgonjwa ambaye nyasi zimemzidi nguvu. Jumuiya ikitoa siku moja katika Oktava ya Noeli, ikaenda na majembe yake ikalima shamba hilo, itakuwa imetoa zawadi ambayo haikuhitaji fedha, na ambayo familia hiyo itaila mwezi wa Juni. Hapo watu hawatauliza tena Noeli ina maana gani. Wataiona ikitembea kwenye tuta.

Mungu wetu hakupita kutusalimu. Alipokea jembe akabaki. Usiku wa Noeli, tutakapopiga magoti katika Kanuni ya Imani, tumshukuru kwa hilo, kisha tuinuke twende shambani pamoja naye.

Emanueli, Mungu pamoja nasi, azibariki familia zetu na mashamba yetu. Nawatakia nyote Noeli njema na yenye baraka.