Majani ya Ng'ombe na Mvua ya Kwanza

Wengi wetu tukaao katika milima ya Usambara hatuna mbuga ya kuchungia. Ng'ombe ni mmoja au wawili, wamefungwa zizini, nasi huwakatia majani. Tena wengi hatutii shambani mbolea ya viwandani. Tegemeo letu ni samadi, na ukulima wa namna hii siku hizi waitwa kilimo hai. Mwaka wetu una masika ya Machi hata Mei, baridi ya Juni hata Agosti, jua la Septemba, kisha vuli ya Oktoba hata Desemba. Twapenda kusema zaidi juu ya Septemba, kwa kuwa hasara hufanyika mwezi huo, wala haionekani mpaka mvua inyeshe.

Mistari ya gwatemala na mabingobingo ikingamayo miteremko yetu haikupandwa kwa ajili ya ng'ombe peke yake. Mwaka 1981 Tanzania na Ujerumani Magharibi zilianza katika Lushoto kazi ya kuzuia mmomonyoko, na wakulima wakafundishwa kupanda majani kwa kuukinga mteremko, ili maji yapunguze mbio na udongo ubaki juu ya mstari. Basi majani hayo yana kazi mbili, kulisha na kushika. Katika masika kazi hizo hazigombani. Katika kiangazi hugombana, na kwa kawaida ng'ombe hushinda, maana yeye hulia, na udongo haulii.

Watu husema majani hupungua kwa kukosa maji. Lakini katika Juni udongo ungali na unyevu, na majani yamekwisha kuacha kukua. Ni baridi iliyoyazuia. Majani haya asili yake ni nchi za joto, na joto lishukapo chini ya digrii 15 za sentigredi hukua polepole mno. Jua lirudipo na kuupasha udongo moto, unyevu nao umekwisha. Kwa hiyo yaliyosimama shambani mwisho wa Mei ni akiba ya miezi minne, nayo akiba huhesabiwa. Yafaa kuiongeza kwa mabua ya mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuwekwa mahali pasipovuja, na kwa migomba iliyokwisha kuzaa, ikatwe vipande vidogo. Ila mgomba ni maji mengi na chakula kidogo; mtu asidanganywe na tumbo la ng'ombe lililojaa.

Na mistari ikatwe kwa kiasi. Jani huweka akiba yake katika sehemu ya chini ya shina. Likiachiwa nusu shibiri, yaani sentimita 10 na zaidi kidogo, lina nguvu ya kuchipua tena. Likikatwa mpaka chini kabisa, mizizi hufa kidogo kidogo. Masika husamehe kosa hilo, Septemba haisamehi. Watoto wapelekwapo kukata wapewe kijiti cha kupimia, maana mtoto atakaye kwenda kucheza hukata chini sana.

Kisha mvua yaja. Bwana H. F. Birch, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, aliandika mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka ukinyeshewa, vijidudu visivyoonekana kwa macho huamka na kuozesha upesi mabaki ya mimea yaliyomo, na naitrojeni nyingi hufunguliwa kwa siku chache. Kadiri udongo ulivyokauka muda mrefu, ndivyo ifunguliwavyo zaidi. Ndiyo sababu mimea hustawi kwa rangi ya kijani sana mwanzoni mwa mvua. Lakini zawadi hiyo haingoji. Mizizi iliyo hai huinywa. Pasipo mizizi hai, mvua ifuatayo huishusha chini isikofikiwa, au huichukua pamoja na udongo wenyewe hata mtoni. Matone makubwa yakipiga ardhi iliyo wazi huiziba uso, maji hayaingii tena, hutelemka. Mwenye fedha aweza kununua mfuko wa mbolea kulipa hasara hiyo. Sisi twategemea samadi, na samadi yatoka katika majani yale yale.

Kwa hiyo twashauri kila nyumba, ifikapo katikati ya Septemba, iache kukata mistari iliyo katika miteremko mikali, ikate iliyo bondeni, hata ikiwa akina mama watalalamika juu ya kilima cha kupanda na mzigo kichwani. Haki yao, na hapo wanaume nao wana vichwa vya kujitwika.

Samadi nayo isiachwe juani, kwa kuwa sehemu ya nguvu yake huruka hewani, wala isiachwe mvuani ikatiririka. Irundikwe kivulini na kufunikwa kwa majani ya migomba. Mvua ikiisha kulowesha udongo, ifukiwe upande wa juu wa kila mstari, ikianzia ile iliyokatwa sana, kisha yaliyobaki yaende kwenye mahindi.