VUMBI LA PAA KUUKUU: MKINGE MFANYAKAZI WAKO

Mzee mmoja alifika ofisini kwetu mwenye furaha. Alikuwa amepewa bure mabati kuukuu ya asbesto, naye alitaka kujua vipimo vya banda la ndama. Mabati yenyewe yalikuwa bado juu ya nyumba ya zamani, na vibarua wawili walikuwa tayari kuyashusha, mmoja ana nyundo na mwenzake ana msumeno. Tulimwomba aketi kwanza, maana kitu cha bure pengine huwa na bei kubwa. Ndugu mkulima, haya tuliyomweleza yafaa uyajue wewe pia.

Asbesto ni jiwe lichimbwalo ardhini. Likipondwa hugawanyika kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo haziungui wala haziozi. Kwa sababu hiyo viwanda vilizichanganya na saruji, kiasi cha sehemu 10 mpaka 15 katika kila 100, vikatengeneza mabati na mabomba ya maji. Hapa Kenya shule, maghala na nyumba nyingi za wafanyakazi ziliezekwa kwa mabati hayo zamani. Ni mazito, rangi yake ni ya kijivu, nayo yakigongwa hayalii kama bati la chuma. Ikiwa huna hakika, yahesabu kuwa ni asbesto.

Je, hatari iko wapi? Paa zima lisiloguswa halitoi vumbi jingi. Hatari huanza linapokatwa, linapotobolewa au kuvunjwa. Hapo nyuzi huruka hewani. Hazionekani kwa macho, hazina harufu, wala mtu hahisi lolote siku ile. Lakini huingia mapafuni na kukaa humo. Baada ya miaka 10, 20, hata 40, mapafu hukakamaa na mtu hukosa pumzi, au hupata saratani. Avutaye sigara yumo katika hatari kubwa zaidi.

Jambo hili si uvumi. Mwaka 1960 Daktari J. C. Wagner na wenzake walitoa habari za wagonjwa 33 wa Afrika Kusini waliopata saratani ya utando unaofunika mapafu. Karibu wote walikuwa wamekutana na asbesto. Tena baadhi yao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wamekaa tu karibu na machimbo walipokuwa watoto.

Basi, kushusha paa la asbesto si kazi ya kibarua wa siku moja. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 juu ya taka ziliiweka asbesto katika taka za hatari. Kabla ya kugusa msumari mmoja, nenda katika ofisi ya NEMA ya kaunti yako, uelekezwe kwa mtu mwenye leseni ya kazi hiyo. Naye akija, angalia ukiwa mbali kama wafanyakazi wake wanafuata haya:

1. Mabati yaloweshwe kwa maji kabla ya kazi na wakati wa kazi. Vumbi lililolowa haliruki.

2. Yashushwe mazima, mojamoja. Yasivunjwe, yasikatwe kwa msumeno, wala yasitupwe kutoka juu.

3. Mtu asikanyage bati lenyewe, bali mbao zilizotandazwa. Bati kuukuu huvunjika ghafula, na mtu huanguka.

4. Kila mmoja avae kizuia vumbi cha pua na mdomo kilichoandikwa FFP3 au P3, kikae sawasawa usoni. Kitambaa cha kawaida hakifai kitu.

5. Avae ovaroli yenye kofia, naye asiende nayo nyumbani. Wako wanawake waliougua kwa kufua tu nguo za kazi za waume zao. Mchuma janga hula na wa kwao.

6. Mtu asile, asinywe wala asivute sigara mahali pa kazi. Aoge kabla ya kwenda zake.

7. Vipande vikusanywe vikiwa vimelowa. Kufagia kukavu kumekatazwa kabisa.

8. Mabati yafungwe katika plastiki nzito mara mbili, yaandikwe kuwa ni ya hatari, kisha yapelekwe kuzikwa mahali palipokubaliwa na NEMA.

Usiyazike shambani mwako, usiyachome, wala usitumie vipande vyake kujaza njia au kuziba banda la kuku. Watoto na mifugo watavikanyaga, na vumbi litaanza upya.

Kama wewe ndiwe mwajiri, kumbuka kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakulazimu kumkinga mfanyakazi wako. Na kama wewe ndiwe kibarua, uliza kabla ya kupanda ngazi: “Paa hili ni la nini?” Kuuliza si ukaidi. Ujira wa siku moja hauwezi kununua pumzi ya miaka 30 ijayo.

Yule mzee alinung’unika kidogo, kisha akawaambia vijana waweke nyundo chini. Banda lake amelijenga kwa mbao na mabati ya chuma. Lilimgharimu fedha, lakini vijana wale wawili hawakuvuta vumbi lile.