Steki ya Nguruwe kwa Sosi ya Nanasi

Nyama ya nguruwe hupatana na tunda lenye ukali kwa sababu ya mafuta yake. Mafuta hayo huyeyuka upesi na kutanda ulimini. Asidi ya nanasi, embe bichi au ukwaju huyakata, na utamu wa tunda huikoleza ladha ya nyama iliyokaangwa. Kwa chakula cha jioni baada ya siku ya kazi, nanasi ndilo jepesi kuliko yote, kwa kuwa halihitaji kulowekwa na kuchujwa kama ukwaju, na huiva kikaangoni kwa dakika 10. Chakula cha watu 4 huwa tayari ndani ya saa moja, mradi kila kitu kibandikwe kwa wakati wake.

Nyama inayofaa ni sarara au steki ya mgongoni. Misuli ya sehemu hizo haifanyi kazi nzito mnyama akiwa hai, hivyo huwa laini na huiva haraka. Bega na mguu wa chini zina utando mwingi unaohitaji moto mdogo kwa muda mrefu, kwa hiyo hufaa zaidi siku ya mapumziko. Gramu 600 za steki zinatosha. Hukatwa kwa kukatiza nyuzi, unene wa sentimita 2, hufutwa maji vizuri, kisha hupakwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi na pilipili manga kidogo. Kuifuta maji ni hatua isiyofaa kurukwa. Nyama iliyolowa huanza kwa kuchemka katika maji yake, na maji yakiwapo joto la juu ya nyama halivuki nyuzi 100 za Selsiasi. Rangi ya kahawia na harufu ya nyama ya kukaanga hujengeka vizuri kuanzia nyuzi 140 hivi.

Nyama ya nguruwe lazima iive mpaka ndani. Idara ya Kilimo ya Marekani hukubali nyuzi 63 kwa vipande vizima vinavyoachwa vipumzike dakika 3, na nyuzi 71 kwa nyama ya kusaga. Mahali ambapo nguruwe huachwa wazurure na tegu bado wapo, ni busara kufikisha nyuzi 71 kwa kila kipande. Lava wa tegu hukaa kwenye misuli ya nguruwe ndani ya vifuko vidogo vyeupe, na anayewala wakiwa hai hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mtu huyo. Mtu akiyameza kupitia mikono michafu au mboga zisizooshwa, lava huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo kinga ina sehemu tatu: kununua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, kuipika ikaiva, na kuosha mikono na mboga kwa maji safi. Ubao na kisu vilivyokata nyama mbichi havikati mboga kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Kikaango hupata moto sawasawa kabla ya kutiwa vijiko 2 vya mafuta. Vipande hupangwa bila kubanana, hukaangwa dakika 4 kila upande, kisha huwekwa pembeni. Ukoko mwembamba wa kahawia unaobaki kikaangoni ndio msingi wa sosi. Humo hukaangwa kitunguu kimoja, punje 2 za kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha hufuata vikombe 2 vya nanasi lililokatwa vipande vidogo, nusu kikombe cha maji na kijiko kimoja cha asali. Ukoko hukwanguliwa kwa mwiko uchanganyike. Baada ya dakika 10 nanasi hulainika na sosi huwa nzito. Nyama na majimaji yaliyochuruzika hurudishwa kwa dakika 5, na maji ya limau hukamuliwa mwishoni, kiasi cha kusawazisha utamu.

Nanasi bichi halifai kulalia nyama usiku kucha. Lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho huvunjavunja protini na kuifanya nyama ibonyee kama uji. Papai bichi lina kimeng'enya cha aina hiyo pia. Moto wa sosi huua nguvu ya bromelini, ndiyo maana nanasi lililopikwa haliiharibu nyama.

Pembeni hufaa viazi lishe, karoti na mchicha. Rangi ya chungwa ya viazi na karoti hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A na huifyonza vizuri zaidi penye mafuta, kwa hiyo sosi yenye mafuta kidogo ya nyama huvifaa. Vitamini C ya mchicha hupotea katika maji mengi na moto wa muda mrefu. Dakika 3 kwenye sufuria iliyofunikwa, kwa maji yaliyobaki kwenye majani baada ya kuoshwa, zinatosha.

Utaratibu wa kazi huanza na viazi, vinavyohitaji dakika 25 hivi. Vikiwa jikoni, nyama hupakwa chumvi, nanasi humenywa na mboga huoshwa. Kisha hukaangwa nyama. Sosi inapoanza kuchemka, karoti huwekwa juu ya viazi ziive kwa mvuke, na mchicha hubandikwa nyama ikiwa imerudi kikaangoni.

Kiporo huingizwa kwenye friji kabla ya saa 2 kupita, hudumu siku 3, na huliwa baada ya kupashwa moto mpaka sosi itokote. Kwa nyumba zisizokula nguruwe, sosi hiyohiyo hupikiwa mapaja ya kuku yasiyo na mfupa, yaliyoiva mpaka nyuzi 74.