Sauti na Picha Zinapoachana: Kuunganisha Vipande vya Video katika Utafiti wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Ngano, majigambo na nyimbo za jando huwa na uhai katika utendaji, pale ambapo neno, ishara ya mkono na mlio wa ngoma hukutana kwa wakati mmoja. Ndiyo maana watafiti wa fasihi simulizi hurekodi video nyanjani. Aghalabu onyesho moja hunaswa katika vipande kadhaa, kisha vipande hivyo huunganishwa kwenye kompyuta kuwa faili moja. Hapo ndipo tatizo huzuka: fanani amekwisha kufumba mdomo ilhali sauti yake ingali inasikika. Makala haya yanadhamiria kueleza chanzo cha hitilafu hiyo na namna ya kuiondoa.

Suala hili si la mafundi mitambo pekee. Sauti ikichelewa kwa sekunde moja, mchambuzi huweza kudai kwamba fanani huinua mkono kwanza ndipo aseme, ilhali yote mawili yalitendeka pamoja. Data iliyopotoka huzaa hitimisho lililopotoka. Pendekezo BT.1359 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, lililotolewa mwaka 1998, linaonyesha kwamba mtazamaji huanza kung'amua hitilafu sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au inapochelewa kwa milisekunde 125 hivi. Tofauti hiyo si ajabu, kwani kimaumbile tumezoea kuona kimeta cha radi kabla ya kusikia ngurumo yake.

Chanzo cha Hitilafu

Video ni mfululizo wa picha tuli, yaani fremu. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika nchini Kenya, fremu 25 hupita kila sekunde. Kwa hivyo kila fremu huchukua milisekunde 40. Kanda inaponaswa kwenye kompyuta iliyolemewa na kazi nyingine, baadhi ya fremu hudondoka ilhali sauti inaendelea. Zikidondoka 25, picha huitangulia sauti kwa sekunde nzima.

Chanzo cha pili ni urefu usiolingana. Tuchukue vipande kumi ambavyo sauti ya kila kimoja imepungua kwa milisekunde 80. Programu ikiunganisha picha kivyake na sauti kivyake, kipande cha kumi kitaanza sauti ikiwa imetangulia kwa milisekunde 720. Haba na haba hujaza kibaba.

Chanzo cha tatu ni kuchanganya vipande vya vipimo tofauti. Kamera za MiniDV, kwa mfano, huweza kurekodi sauti kwa sampuli 48,000 au 32,000 kwa sekunde. Nazo simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika badilika, jambo ambalo baadhi ya programu za kuhariri hushindwa kulimudu.

Utambuzi na Utatuzi

Kabla ya kutibu, sharti tuutambue ugonjwa. Tazama mwanzo, katikati na mwisho wa kila kipande, kisha ulinganishe.

Iwapo pengo ni lile lile kote, sogeza mkondo wa sauti mbele au nyuma kwa kiasi hicho. Tafuta tendo lenye mshindo, kama vile kupiga kofi, kisha ulinganishe fremu ambayo viganja vinakutana na kilele cha wimbi la sauti.

Iwapo pengo linakua polepole, kusogeza hakutafaa. Urefu wa sauti ndio wa kurekebishwa. Gawanya urefu wa picha kwa urefu wa sauti. Picha ikiwa na sekunde 1,200 na sauti 1,199.4, uwiano ni takribani 1.0005. Refusha sauti kwa kiasi hicho katika programu kama Audacity; badiliko hilo ni dogo mno kwa sikio kulitambua.

Iwapo pengo linazuka kwa ghafla, huenda fremu zilidondoka. Kurefusha sauti yote kutaharibu hata sehemu iliyo sawa. Nasa kanda upya ikiwa ingalipo. La sivyo, kata kipande pale pengo linapoanzia, ulinganishe sehemu inayofuata peke yake.

Kwa video za simu, tumia HandBrake au FFmpeg kuzipa kasi ya fremu isiyobadilika. Hakikisha vipande vyote vina kasi moja ya fremu na kiwango kimoja cha sampuli, na kwamba sauti ya kila kimoja inakoma pamoja na picha yake. Ndipo uviunganishe, kisha ukague kila kiungo.

Hitimisho

Imebainika kwamba kosa hutibiwa katika kila kipande kabla ya kuunganishwa, kwani baada ya hapo makosa hujumlishana na chanzo chake kufichika. Mtafiti aliye nyanjani apige kofi moja mbele ya kamera kila anapoanza kurekodi, na ahifadhi kanda na faili asilia bila kuzihariri. Fanani mkongwe huenda asipatikane tena kurudia utendaji wake. Rekodi hiyo ndiyo itakayomshuhudia.