Msiba na Majirani

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya katika kitabu, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya maumivu yasiyo na jeraha, yaani huzuni ya mtu aliyefiwa. Twataka kueleza kazi wanayoifanya majirani katika kuiponya. Mfano wetu tutautoa Pemba, kwani watu wa kisiwa kile walipatwa na msiba ambao wachache wamepata kuuona mfano wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli iitwayo Spice Islander ilitoka Unguja kwenda Pemba, nayo imejaa watu na mizigo kupita kiasi chake. Sikukuu ya Idi ilikuwa imepita siku chache tu. Meli ikapinduka ikazama mbali kidogo na pwani ya Nungwi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, na maiti zaidi ya 200 zilipatikana, zikalazwa katika viwanja vya Maisara, Unguja, ili jamaa waje kuzitambua. Lakini waliopanda walikuwa wengi kuliko walioandikwa, na wengi hawakuonekana tena, hai wala maiti. Serikali ilitangaza siku 3 za maombolezo. Je, siku 3 zatosha kumliwaza mama aliyepotewa na wanawe?

Kwanza yafaa tujue huzuni humfanya nini mwanadamu. Mwaka 1942, katika mji wa Boston, Marekani, ukumbi wa starehe uitwao Cocoanut Grove uliteketea kwa moto, wakafa watu 492. Daktari mmoja, jina lake Erich Lindemann, aliwaangalia waliookoka na waliofiwa, na mwaka 1944 akaandika aliyoyaona. Alisema kwamba wafiwa huugua mwilini hasa: koo hubana, pumzi huwa za kushusha, chakula hakina ladha, nguvu hupotea. Tena aliona kwamba mtu anayeikwepa huzuni yake, asilie wala asimtaje aliyekufa, huenda huzuni ile ikamrudia baadaye kwa sura mbaya zaidi. Basi kulia si udhaifu. Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, nasi hatuoni sababu ya kumwambia kijana wa kiume ajikaze asilie.

Sasa tazameni matanga yalivyopangwa. Mtu akifa kijijini Pemba, habari huenea kabla jua halijapanda. Wanaume huchimba kaburi, wengine hushona sanda. Wanawake huja na mchele, nazi na kuni, wakashika jiko la mwenye msiba. Mfiwa hana kazi ila kukaa na kulia. Desturi hii ina asili katika dini, kwani Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muta, Mtume aliamuru watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Ni amri ya hekima kubwa: mtu ambaye koo lake limebana hawezi kukumbuka kuinjika chungu, na asipokula, huzuni humwangusha. (Siku hizi kuna mahali ambapo mfiwa ndiye hukopa fedha ili awalishe waliokuja kumpa pole. Huko ni kuigeuza desturi miguu juu.)

Lakini Spice Islander ilileta shida nyingine. Aliyezikwa ana kaburi na ana siku ya kufa, na mjane wake ajua siku ya kuanza eda yake ya miezi 4 na siku 10. Aliyepotea baharini hana hayo. Mkewe hajui kama ni mke au ni mjane. Kila mlango ukigongwa, moyo wake huruka. Huzuni ya namna hii ni ngumu kuliko zote, kwani haina mwanzo wala mwisho. Jambo la mume aliyepotea hupelekwa kwa kadhi, naye hutazama ushahidi na kuhukumu. Hata hivyo hukumu peke yake ni karatasi, mpaka watu waitie nguvu. Hukusanyika wakamsalia marehemu sala ya ghaibu, wakamsomea hitima, wakakaa matanga ijapokuwa jeneza halipo. Hapo mji mzima umeshuhudia kwamba fulani amefariki, na mama hapewi tena kazi ya kungoja peke yake. Tena hukumbushwa kwamba aliyekufa kwa kuzama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, na neno hilo, likitamkwa na mtu anayemjua, lina uzito.

Hatari huja baada ya matanga kuvunjwa. Majamvi hukunjwa, wageni huenda zao, na nyumba hunyamaza. Wapemba wana bahati ya karafuu. Wakati wa msimu wanawake hukaa pamoja jioni wakichambua karafuu, wakizitenga na makonyo yake. Mikono ina kazi, macho yako chini, na maneno hutoka kwa wepesi. Mjane aweza kumtaja mumewe hapo bila ya mtu kumkodolea macho. Twadhani mazungumzo ya namna hiyo yamefariji wengi kuliko hotuba. Basi jirani asingoje kuitwa. Apite, aombe moto au chumvi, akae kidogo.

Wapo, hata hivyo, ambao upole wa majirani hauwatoshi. Mtu akipita miezi hali wala halali, au akianza kusema kwamba afadhali naye afe, msikae mkibishana kama ana pepo au hana. Apelekwe hospitali, wala asiende peke yake. Afuatane na mtu wa nyumbani atakayeweza kumweleza daktari lini alikosa usingizi, anakula nini, na ni nani aliyempoteza.