Haki ya Mtunzi: Yaliyokatazwa na Yaliyoruhusiwa

Mtu akiiba mbuzi, kila jirani hujua ya kuwa ni mwizi. Lakini mtu akichapa nakala za kitabu cha mwenzake na kuziuza, wengi hawaoni kosa, kwa kuwa mwenye kitabu bado anacho. Sheria haioni hivyo. Kilichochukuliwa si karatasi, bali ni jasho la mtunzi na riziki ambayo ingemfikia.

Katika Kenya haki ya mtunzi huitwa hakimiliki, nayo hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyochukua mahali pa sheria ya mwaka 1966. Hulinda vitabu, mashairi, nyimbo, picha, filamu na sauti zilizonaswa. Haki huanza pale kazi inapoandikwa au kunaswa. Wazo tupu lililo kichwani halilindwi. Watu wawili waweza kutunga hadithi mbili juu ya sungura na fisi, wala hakuna aliyemwibia mwenzake, maadamu kila mmoja ametumia maneno yake mwenyewe.

Haki ya mwandishi wa kitabu hudumu maisha yake yote, na miaka 50 zaidi tangu mwisho wa mwaka aliofariki, ili warithi wake nao wapate faida. Kwa mfano, Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Basi kwa hesabu ya sheria ya Kenya miaka hiyo ilitimia mwisho wa mwaka 2012.

Muda usipokwisha, ni kosa kutoa nakala za kazi ya mtu, kuifasiri katika lugha nyingine, au kuitangaza kwa redio bila ruhusa yake. Mwenye duka naye asidhani ameokoka kwa kusema kwamba si yeye aliyechapa: kuuza nakala akijua kuwa ni za wizi ni kosa pia. Mahakama yaweza kumwamuru alipe fidia, na hata kumtoza faini au kumfunga.

Hata hivyo, sheria haikukusudia kuifungia elimu sandukuni. Yako mambo ambayo mtu aweza kuyafanya bila kuomba ruhusa:

1. Kutumia kazi kwa kiasi cha haki katika utafiti wa kisayansi, katika matumizi yake binafsi, katika kuihakiki, au katika kueleza habari za wakati huo. Chanzo lazima kitajwe.

2. Kutia vifungu vifupi visivyozidi 2 vya kazi ya mtu katika mkusanyo uliotengenezwa kwa ajili ya shule, pamoja na kumtaja mtunzi.

3. Mtu mmoja kusoma mbele ya watu sehemu ya kadiri ya kitabu kilichochapwa, naye akimtaja mwandishi.

Neno la kukumbuka ni kiasi. Mwanafunzi anayenakili aya moja katika daftari lake hana kosa. Mfanyabiashara anayetoa nakala za kitabu kizima ili aziuze hawezi kujificha nyuma ya ruhusa hiyo. Wala kununua kitabu si kununua haki ya kukichapa. Aliyelipa shillingi zake amepata kitabu kimoja tu, cha kusoma, kuazima au kurithisha.

Watunzi nao yawapasa kuwa macho. Kwa sheria hii, mtunzi hawezi kumhamishia mtu mwingine hakimiliki yake kwa mdomo tu. Lazima pawe na maandishi yenye sahihi. Kwa hiyo mwimbaji aletewaye karatasi na mwenye studio asitie sahihi kwa sababu ya furaha ya kusikia sauti yake redioni. Kwanza aisome, au asomewe na mtu amwaminiye, apate kujua kama anatoa ruhusa ya muda, au anauza wimbo wake moja kwa moja. Sahihi moja yaweza kumwondolea mapato ya miaka mingi, na watoto wake pia.